Jembe Nililolipeleka Usingizini

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki zilizopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakujuza kwa ufupi. Mimi ni Atuganile, mjane wa miaka hamsini na miwili, mkazi wa Tunduma, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya kuu. Tangu mume wangu afariki, usingizi ulinihama. Daktari wa Vwawa akaniandikia vidonge, na mfamasia wetu Raphaeli akanisomea masharti mara mbili.

Kidonge kimoja tu. Ukimeze ukiwa tayari kitandani, na usiku mzima uko mbele yako. Usichanganye na pombe. Usimgawie mtu. Na siku ukijikuta umefanya jambo usilolikumbuka, acha kumeza, uje siku hiyo hiyo.

Nimeshaungama hapa jinsi nilivyomgawia Rozi wa sauti ya kwanza, akalala katikati ya ibada ya mavuno mpaka akateleza kwenye benchi. Nimeungama pia ile asubuhi niliyoamka nikakuta sufuria la maharage ni tupu na kijiko kiko mkononi mwangu. Hilo la maharage nilimficha Raphaeli. Niliogopa ataninyang'anya vidonge vyangu.

Leo nawaeleza malipo ya kuficha.

Jumamosi niliamka nimevaa buti.

Ndiyo, buti za mpira, zile za shambani, zina tope bichi, juu ya shuka niliyoifua Ijumaa. Mwilini nilikuwa na joho la kwaya. Kichwa kilikuwa kizito, na mdomoni nilihisi ladha ya msumari.

Nikajaribu kukumbuka. Ijumaa nilimeza kidonge saa moja jioni, mapema, kwa sababu asubuhi tulikuwa na safari. Nilipoona muda unapita na macho bado makavu, nikameza cha pili. Halafu, badala ya kupanda kitandani, nikaenda kuosha vyombo. Nakumbuka nimeshika sahani ya bluu. Baada ya sahani ya bluu hakuna kitu.

Nikainama haraka kuangalia chini ya kitanda. Kitenge nilicholifungia jembe kilikuwepo. Jembe halikuwepo.

Hapo moyo ulinilipuka, na ngoja niwaambie kwa nini.

Siku hiyo tulikuwa tunampeleka Jastin kuposa. Jastin ni mtoto wa kaka yangu Ambakisye, lakini mama yake alifariki akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Anampenda Gloria, binti wa mzee Nsajigwa wa Itaka, mpaka chakula hakipiti.

Sasa ukoo wetu na ukoo wa Nsajigwa wana desturi moja. Posa haiendi kwa barua, inakwenda kwa jembe jipya lisilo na mpini. Shangazi ndiye anayelala nalo chini ya kitanda, ndiye anayelibeba, na ndiye anayelikabidhi kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti. Wakilipokea kwa mikono miwili, binti ameposwa. Wakilirudisha, wamekataa.

Na huwezi kukimbilia dukani kununua lingine. Alhamisi mshenga wa upande wa Gloria alikuja Tunduma, akalikagua, akalifunga uzi mweusi kwa fundo lake mwenyewe. Ni hilo au hakuna. Tukikosa Jumamosi hiyo, Jumapili inayofuata wangempokea kijana wa Mkwajuni, mwenye pikipiki tatu na shimo la dhahabu.

Simu ikaita. Alikuwa Ambakisye.

"Dada, umeamka?"

"Niko macho."

"Jembe lipo?"

"Lipo."

"Liko wapi?"

"Lipo linapokaa."

"Haya. Noah itakuwa hapo saa mbili. Na leo usitusinzilie, wewe ndiye msemaji."

Nikakata simu nikaanza msako. Nilitafuta kabatini, kwenye banda la kuku, ndani ya pipa la maji. Nilitafuta hata kwenye sufuria la maharage, maana sikuwa na imani tena na mimi mwenyewe.

Bombani nikamkuta Pendo, mpangaji wangu, anayewakaangia chipsi madereva wa malori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana jioni uliniona?"

"Si ulinipita hapa, mama? Nikakwambia umependeza, ukanijibu, asante, naenda kwa watu."

"Watu gani?"

Pendo akaanza kuchezea kifuniko cha ndoo. "Kwa mzee Mbonile."

Mbonile ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, karani mstaafu wa ushirika wa kahawa, desturi yetu ya jembe anaifahamu, mke wake amefariki miaka minne sasa. Tuna ugomvi wa parachichi. Shina liko kwangu, matawi yako juu ya bati lake. Yanayoangukia kwake anakula, halafu anakuja kunidai bati lililobonyea. Mara ya mwisho tuliongea Januari, na maneno yale siwezi kuyaandika gazetini.

"Nilikuwa nimebeba nini?" nikauliza.

"Kitu ndani ya taulo. Ulipofika mlangoni kwake ukapiga magoti. Nikajua, ahaa, mama leo ameenda kuomba radhi ya parachichi. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, mkaongea weee, akakusindikiza mpaka getini."

"Kwa hiyo hukuona kama nimelala?"

"Ulale vipi, mama, na macho yako wazi? Hata yule dereva wa Zambia ulimsalimia kwa Kibemba chake, mulishani mukwai, akakuitikia vizuri tu."

Wasomaji wangu, hebu nitazameni hapo bombani. Tangu ukoo wetu uanze kubeba majembe, hakuna mwanamke aliyewahi kumposa mwanaume. Nimekuja kuwa wa kwanza mimi, tena nimevaa buti.

Nilimpigia Raphaeli, hakupokea. Nikavua joho, nikavaa gauni la heshima, nikaenda kugonga mlango wa adui yangu.

Mbonile alifungua kabla sijagonga mara ya pili. Alikuwa amevaa koti la suti. Tena alikuwa amenyoa ndevu, zile ndevu zilizoachwa zijiotee tangu msiba wa mkewe. Kumbe ana kidevu kizuri, sikuwahi kujua.

"Karibu, Atuganile," alisema.

Siku zote ananiita jirani, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Nikaingia. Mezani palikuwa na chai, maandazi, vikombe viwili, na katikati, juu ya kitambaa cheupe, jembe letu na uzi wake mweusi.

"Mzee Mbonile, nimekuja kwa habari ya jana."

"Hata mimi jana sijaiacha. Sikulala."

"Nalihitaji hilo jembe."

"Limeshapokelewa."

"Lina safari ya Itaka."

"Nikikupa hapa mezani nitakuwa nimelirudisha," alisema huku akinimiminia chai. "Kulirudisha ni kukataa. Mimi sijakataa. Nimempigia dada yangu Enesi kule Ileje alfajiri, akacheka mpaka simu ikakatika. Halafu akapiga mwenyewe, akaniambia nisiwe mjinga."

Nikaona nimchimbe kwa ujanja.

"Jana ulinielewaje hasa? Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Aliweka birika chini. "Ulisema si malori yanayokukosesha usingizi. Ulisema tangu ubaki peke yako, kila usiku unangoja nikohoe upande wa pili wa ukuta. Nikikohoa, unajua kuna mtu. Nisipokohoa, unakesha."

Ningeweza kukana. Tatizo ni kwamba ni kweli tupu, na sikuwahi kumwambia binadamu yeyote. Hata daktari nilimwambia ni malori. Yeye akaniandikia dawa ya malori, maskini, wakati mimi naumwa ukuta.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na chini ya ile aibu niliona furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mzee wangu, nilikuwa nimemeza vidonge viwili, sikujua ninalofanya. Ni sentensi moja tu. Lakini mtu alikuwa amenyoa ndevu. Nikashindwa.

Nje honi ikalia. Ambakisye hakusubiri, aliingia mwenyewe uani kwa Mbonile baada ya Pendo kumwelekeza.

"Dada, unafanya nini huku? Jembe liko wapi?"

"Mzee Mbonile anatusindikiza," nikasema. Uongo ulinitoka mwepesi, nimeuzoea.

Mbonile akalifunga jembe kwenye kile kitambaa cheupe, akalikumbatia. "Nalisindikiza," alisema. "Sijalirudisha."

Ambakisye akanivuta pembeni. "Tangu lini mnaongea nyie wawili?"

"Tangu jana."

"Nani amewapatanisha?"

"Daktari."

Tukapanda Noah. Mbele walikaa Ambakisye na dereva, nyuma yangu Jastin akinuka manukato ya kumtosha bwana harusi na wasimamizi wake wote. Mimi na Mbonile tulikaa kiti kimoja, jembe likiwa mapajani mwake.

Vidonge viwili havikuwa vimeniisha mwilini. Kabla hatujaimaliza Tunduma nilishalala. Niliamka nikakuta kichwa changu kiko begani kwa Mbonile. Nikakiondoa. Nikalala tena. Mara ya tatu sikukiondoa, nikajifanya bado nimelala, na Ambakisye akawa ananitazama kwenye kioo cha dereva kwa jicho baya.

Tulipokuwa tunaipita Vwawa simu yangu ikaita. Sasa simu yangu spika ya sikioni ilishakufa, ukipokea inaongea na kijiji kizima. Niliipokea kwa usingizi bila kufikiri.

"Mama Atuganile, ni Raphaeli wa dawa. Nimeona umenipigia. Kuna tatizo la vidonge?"

"Nitakupigia baadaye, mwanangu."

"Jana umemeza vingapi?"

Ambakisye aligeuka kwenye kiti. Hata dereva alipunguza mwendo.

"Viwili," nikasema.

"Na kuna jambo umefanya, halafu hukumbuki?"

Nilikuwa nabonyeza kitufe cha kukata, simu imeganda.

"Mama, nisikilize vizuri," Raphaeli aliendelea. "Usimeze tena hata kimoja mpaka umwone daktari. Leo usishike usukani, usikae na moto peke yako. Mwambie mtu aliye karibu nawe ukweli, akuangalie. Na uje leo, usingoje Jumatatu. Watu wakitumia dawa hizo wanaweza kutoka nje, wakapika, wakaendesha gari, wakaongea na watu vizuri kabisa, asubuhi hawakumbuki neno. Huo si ulevi, wala si pepo. Ni dawa, na zipo njia nyingine za kukusaidia. Ila ukituficha hatuwezi kukusaidia."

Simu ikakata yenyewe, imemaliza kazi.

Bega la Mbonile lilisogea. Hakulisogeza kwa hasira, alilisogeza taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake apite. Akageukia dirishani kutazama mibuni.

"Dada," Ambakisye aliita, "vidonge gani?"

"Vya usingizi."

"Umefanya nini usichokikumbuka?"

Nikalitazama sikio la Mbonile. Lilikuwa linanisikiliza.

"Nilikula maharage," nikasema.

Ni kweli nilikula maharage, ila ya mwezi uliopita. Kuanzia Vwawa mpaka Itaka Mbonile hakufungua tena mdomo, na mimi sikupata tena usingizi wala bega.

Getini kwa mzee Nsajigwa tulisubiri kukaribishwa. Mbonile akanipa jembe bila kunitazama.

"Shika," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa si nyumbani kwangu lilipopokelewa, kwa hiyo bado sijarudisha. Lakini mtoto asikose mke kwa ajili yetu sisi."

Nilitamani anitukane. Kutukanwa naye nimekuzoea, ningejua la kujibu.

Tukaingia. Sebule ilikuwa imejaa. Mzee Nsajigwa alikaa katikati na wazee wa ukoo wake, mshenga pembeni yake, akina mama mlangoni. Nyuma yao niliona nusu ya uso wa Gloria. Jastin alipouona, akasahau kusalimia.

Mshenga akalichukua jembe, akaligeuza, akavuta ule uzi. "Fundo ni langu," alisema, akanirudishia.

Nikapiga magoti. Mzee Nsajigwa akauliza swali ambalo mashangazi wote wa ukoo wetu wameulizwa, na jibu lake hufundishwa tangu usichana.

"Shangazi, jembe hili limewahi kuingia nyumba nyingine kuposa?"

Jibu ni: halijawahi. Shangazi yangu mwenyewe alilijibu kabla mzee hajamaliza kuuliza. Ni kama kuitikia amina.

Nilifungua mdomo, neno "halijawahi" halikutoka.

Hesabuni wenyewe. Nilishamdanganya daktari kwa malori. Nilishamficha Raphaeli. Asubuhi ile nilishamdanganya kaka yangu mara tatu kabla ya saa nne. Na kila uongo ulikuwa umenisogeza hatua moja mpaka nikafika pale, magotini, na jembe la watu. Nikaona nikimwongopea na mzee huyu, Jastin ataanza ndoa yake juu ya uongo wangu, na siku ukitoka atakayelia ni yeye. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nilichoka kuliko hata kukosa usingizi.

"Limewahi," nikasema.

Ambakisye alishika kichwa. Mlangoni mama mmoja alijiziba mdomo kwa khanga.

"Lini?" mzee Nsajigwa aliuliza.

"Jana jioni."

"Mmemposa binti wa nani jana jioni?"

"Si binti, mzee. Ni huyu hapa."

Nikamwonyesha Mbonile kwa kidevu, mikono ilikuwa na jembe.

Akina mama hawakuweza kuvumilia. Kicheko kilianzia mlangoni kikaingia jikoni, nikasikia sufuria linaanguka huko. Jastin peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo, nikienda sokoni bila yeye. Hilo lilinikata moyo.

Mzee Nsajigwa alingoja kicheko kiishe. "Lilipokelewa?"

Hilo sikuweza kulijibu mimi. Nyumba nzima ikamgeukia Mbonile.

Akisema ndiyo, jembe limekwishaposa, halina tena kazi kwa Gloria, na kijana wa Mkwajuni aandae pikipiki zake. Akisema alilirudisha, Jastin amepona, ila mimi nimekataliwa mbele ya koo mbili. Nilijua la kuomba. Nilitakiwa niombe amwokoe mtoto. Na niliomba, Mungu ni shahidi, lakini kulikuwa na mtu mwingine ndani yangu aliyekuwa anaomba kinyume, tena kwa bidii.

Mbonile akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Wazee," alisema, "mimi nililipokea kwa mikono miwili na kwa moyo mweupe. Lakini njiani nimesikia habari mpya. Jembe huletwa na mtu. Kama aliyenijia jana alikuwa amelala, basi hakuna aliyeleta kitu, na mimi sikupokea kitu. Kwa hiyo swali hili si langu."

Akanigeukia. Alikuwa hajanitazama usoni tangu Vwawa.

"Atuganile. Maneno yale ya jana, yalisemwa na wewe au na vidonge?"

Njia ilikuwa wazi mbele yangu, pana kabisa. Nikisema vidonge, jembe ni safi, Jastin anaoa, watu wanacheka, tunakula wali. Mimi narudi Tunduma kusikiliza ukuta, na nina hakika mwenye kukohoa atahamishia kitanda chumba kingine.

Nikamtazama Jastin. Nikamtazama Mbonile na kidevu chake kipya.

"Miguu ilikuwa ya vidonge," nikasema. "Magoti yalikuwa ya vidonge. Hata hizo buti zilikuwa za vidonge, maana mimi mwenyewe nisingekuja kuposa na buti. Jembe sikulileta kwa akili yangu, wazee, naapa. Lakini maneno yalikuwa yangu. Hayo niliyatunza muda mrefu, vidonge viliyafungulia mlango tu."

Hakuna aliyecheka. Mbonile alikaa chini ghafla. Wazee wa Itaka walianza kunong'onezana Kinyiha haraka haraka. Mmoja alisema jembe halina doa, mwingine alisema halifai tena hata kwa palizi. Gloria alikuwa ameshatoka nyuma ya akina mama, amesimama wazi katikati ya mlango, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha.

Mzee Nsajigwa aliinuka, akaja mpaka pale nilipopiga magoti. Akalichukua jembe mikononi mwangu. Alilichukua kwa mkono mmoja.

Katika desturi yetu kuna mikono miwili ya kupokea, na kuna kurudisha. Mkono mmoja sijawahi kuuona, na nikawaona hata wazee wake wanatazamana.

"Fungeni mlango," alisema. "Asitoke mtu. Na yule kijana wa Mkwajuni apigiwe simu, aje sasa hivi."

Kama ule mkono mmoja ulikuwa wa kupokea au wa kukataa, nitawaeleza wiki ijayo.